Nilifuta vipeuo kwa rangi ya kucha ya Yaya

Nilichukua chupa ya rangi ya kucha ya dada yangu mkubwa, nikafuta nayo kazi yake ya miaka yote ya chuo kikuu. Sikuwa na hasira naye, wala wivu. Nilijiona mwerevu, basi.

Naandika nikiwa na aibu mpaka masikioni, na jina langu sitalitia. Na wewe unayesoma usijisumbue kutafuta mwandiko wangu, maana nimemwomba mtu anipigie taipu. Huo mwandiko ndio ulionifikisha hapa.

Yaya, ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa, na Yaya Clarisse ni mtoto wa kwanza kwetu. Alikuwa anasoma fizikia Lubumbashi, msichana peke yake darasani. Sisi tunakaa Likasi, mtaa wa Shituru, katika nyumba za kampuni, zile ambazo zamani walikuja kuzipaka chokaa, na siku hizi mlango ukianguka unausimamisha mwenyewe kwa jiwe. Papa bado alikuwa anaenda kiwandani asubuhi na kurudi jioni, ila mshahara haukuwa unarudi naye. Mama ndiye aliyetulisha. Anauza unga wa mahindi sokoni.

Ilikuwa hivi: Yaya akimaliza kitabu chake cha mwisho, kile wanachokiita mémoire, na juri ya maprofesa ikikipokea vizuri, profesa wake angembakiza chuoni awe asistenti, yaani mwalimu msaidizi. Aliahidi mbele ya watu. Kwa Papa hilo lilikuwa heshima, kwa Mama lilikuwa mdomo mmoja wa kulisha kupungua. Kwa Yaya ndicho kitu pekee alichokitaka tangu ananifundisha kuhesabu kwa vifuniko vya soda.

Kitabu chenyewe kilihusu tone la ukungu. Usicheke, mimi nilishacheka kwa niaba yenu wote. Asubuhi za baridi, ukungu unaposhuka na kukutana na moshi wa kiwanda, taa ya baiskeli inayokuja unaiona kama yai. Yaya alitaka kujua tone moja tu la ukungu linafanya nini na mwanga unaoligonga: kiasi gani linatupa mbele, kiasi gani kando, kiasi gani nyuma.

Ili kuhesabu hilo, unaugawa mwanga katika mawimbi mengi yanayotoka kwenye tone na kutanuka kama mpira unaojazwa pumzi, kila wimbi na sura yake. Wanayaita mawimbi ya tufe ya vekta. Ya vekta kwa sababu umeme wake hauna ukubwa tu, una na upande unaoelekea. Kisha unajumlisha. Lakini kabla ya kujumlisha, lazima uamue ukubwa wa kila wimbi. Hapo ndipo nilipovunja shingo ya Yaya.

Nitaeleza kwa unga, ndiyo njia niliyoielewa mimi, nikiwa nimechelewa.

Sokoni kwetu unga unapimwa kwa meka, lile kopo la bati. Meka ya Mama ni nzima. Jirani yake wa meza ya pili, kitako cha meka yake kimegongwa nyundo kikaingia ndani, kwa hiyo inabeba kidogo, lakini bei yake nayo iko chini. Hakuna mwizi hapo, kila mnunuzi anajua. Wizi unaanza ukichukua meka ya mmoja na bei ya mwingine.

Mawimbi yako vilevile. Yaya alikuwa anayakata mapema, mwanzoni kabisa, ili kila wimbi libebe nguvu ileile kama mengine. Mkasi wake ulikuwa alama moja mbele ya kila wimbi, kipeuo cha pili, ile alama inayofanana na paa la nyumba lililobaki na ukuta mmoja. Baada ya hapo, mwishoni kazi ni nyepesi: unachukua namba iliyo mbele ya kila wimbi, unaizidisha kwa yenyewe, unajumlisha, umepata mwanga wote. Wengine wanayaacha mawimbi yalivyozaliwa, manene na membamba, na mkasi wanauweka mwisho, kwenye kujumlisha. Njia zote mbili zinafika. Ila ukianza na hii ukamaliza na ile, umepotea.

Haya, sasa ujinga wangu.

Chuoni hakukuwa na karatasi wala wino, na mpiga taipu wao alikuwa amehamia kuuza samaki. Yaya akaja nyumbani kupiga kitabu chake kwa mashine ya parokia, juu ya stensili. Stensili ni karatasi laini yenye nta: herufi inatoboa nta, halafu kwenye mashine ya kunakili wino unapita katika vile vitobo. Mashine ya parokia haikuwa na kipeuo, haikuwa na herufi za Kigiriki, hata herufi ya s ilikuwa inaruka. Kwa hiyo Yaya aliacha nafasi nyeupe, na fomula nikaziandika mimi kwa kalamu ya bic iliyokauka wino, stensili nimeiegemeza kwenye kioo cha dirisha nipate mwanga.

Alinichagua mimi kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri. Ndio mwandiko ulioandika vyeti vya ugonjwa vya nusu ya darasa letu, pamoja na saini za wazazi. Prefe mwenyewe, mkuu wa shule yetu, aliwahi kuvisifu, bila kujua.

Ukikosea kwenye stensili unapaka dawa fulani, inakauka, unaandika upya juu yake. Dawa hiyo haikuonekana tena Likasi tangu maduka yaporwe. Tukatumia rangi ya kucha. Inafanya kazi ileile, na chumba kinanukia arusi.

Kando yangu nilikuwa na kitabu cha Kifaransa. Jirani yetu, injinia, alipofukuzwa pamoja na watu wengine wa Kasai, nilimsaidia kubeba godoro mpaka stesheni, naye akaniachia vitabu vyake kwa kuwa treni haikuwa na nafasi hata ya watu. Nilikuwa nakifungua ili nijione mkubwa. Siku hiyo nikaona humo mawimbi yaleyale ya Yaya, M na N, na mbele yake hakuna kipeuo. Safi kabisa.

Nikaruka. Yaya amekosea! Mimi wa mwaka wa tano wa sekondari nimemkamata mtu wa chuo kikuu.

Ungekuwa wewe ungemwita ukamwambia. Mimi nikawaza mchezo. Nikasema: nitamrekebishia kimya kimya, atasifiwa, na siku ya sherehe, watu wakiwa na vinywaji mkononi, nitasimama niseme, "Samahani wapendwa, yale mawimbi yalikuwa yangu." Nilishaona hata sura atakayoifanya.

Yaya alikuwa ameenda kupanga foleni ya maji. Nikachukua kichupa chake chekundu nikapaka sura ya pili yote. Kila kipeuo. Fomula ya mwisho, ile ya kujumlisha, sikuigusa, kwa sababu kwenye kitabu cha injinia iko mbele sana, na mimi sikugeuza kurasa kufika huko. Mkasi ulikuwa hukohuko mbele, umejificha katika fomula ndefu kama treni. Mimi nilisoma mlango nikadhani nimeona nyumba.

Yaya akarudi na ndoo kichwani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Nimekupambia kama bibi arusi."

"Umesoma tena?"

"Mara mbili, Yaya. Na mara ya tatu kwa kukuombea."

"Weye, siku moja utakufa juu ya kucheka."

Akashika stensili moja akaielekeza dirishani, akasoma maneno aliyoyapiga mwenyewe. Fomula hakuzisoma. Camion, lori la kumrudisha Lubumbashi, ilikuwa inapiga honi barabarani. Na aliniamini. Karatasi alizoandikia kwanza kwa mkono zilikuwa zimekwisha, kila tuliyomaliza kuinakili Mama aliichukua sokoni kufungia unga. Kwetu hakuna karatasi inayolala bure.

Siku ya kutetea kitabu tulikwenda Mama na mimi. Mama alivaa kitenge chake cha sikukuu na kubeba beseni la vitumbula kwa ajili ya juri, maana alisikia maprofesa nao hawalipwi. Tulikaa nyuma. Yaya alieleza vizuri. Mama hakuelewa neno lakini alikuwa anatikisa kichwa kama yuko misani.

Kisha profesa mmoja, mgeni katika juri, mwembamba, akafungua kitabu na kuinua miwani. Walisema kwa Kifaransa, mimi nawaandikia kwa Kiswahili.

"Mademoiselle, haya mawimbi yako umeyasawazisha wapi?"

"Mwanzoni, Profesa. Mbele ya kila wimbi."

"Nionyeshe."

Yaya akafungua nakala yake. Nikaona kidole chake kinatembea juu ya mstari, kinarudi, kinatembea tena. Kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko anaojua haujatoboka.

Profesa hakungoja. Akaenda ubaoni, akachukua wimbi la kwanza kama lilivyoandikwa, akalijumlisha kama ilivyoandikwa, akapiga mstari chini.

"Kwa kitabu hiki, tone lako linatoa mwanga zaidi ya mara kumi ya ule linaochukua. Na hili ni wimbi la kwanza, yanayofuata ni mabaya zaidi. Mademoiselle, tafadhali, tuletee hilo tone hapa. Umeme umekatika tangu juzi."

Ukumbi ukacheka. Na mimi nikacheka, tena kwa sauti kubwa, kwa sababu mzaha ulikuwa mzuri, na mimi mzaha mzuri siwezi kuuacha upite. Bado nacheka, yule profesa akainua ukurasa watu wauone. Nikaona mwandiko wangu.

Kicheko kiligeuka mate ya uchungu mdomoni.

Yakaja mabaya zaidi. Namba za Yaya katika jedwali zilikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa alizihesabu kwa njia yake, na vipeuo vyake. Profesa akaziangalia, akauliza polepole, "Fomula zako ni mbovu, lakini namba zako ni nzuri. Basi hizi namba umezitoa wapi?"

Hakuna aliyecheka tena. Kila mtu alielewa alichosema. Alisema Yaya amenakili kazi ya mtu.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi. Kulikuwa na hewa, nilikuwa na ulimi, na kusimama hakulipiwi. Ningesema tu, "Ni mimi." Sikusema. Yaya akajibu, "Nimezihesabu mwenyewe, Profesa," wakamwangalia kama wanavyomwangalia mtoto mwenye sukari kwenye kidevu.

Kitabu kikarudishwa. Profesa aliyeahidi kumbakiza alipita mbele yetu bila kusalimia. Mama akarudi na beseni lake limejaa.

Sasa ndipo mtajua mimi ni mtu wa aina gani. Tulipofika Shituru, vijana wakaniuliza imekuwaje. Nikaogopa wasije wakaona kitu usoni pangu, nikaanza kuwachekesha. Nikawaigiza profesa, miwani, mstari ubaoni. Nikawaambia kwetu hatununui tena mafuta ya taa, tuna tone. Kabla ya Jumapili, mtaa mzima ulikuwa unamwita Yaya "Mademoiselle Tone". Jina hilo nililitunga mimi, mdogo wake wa tumbo moja.

Na Mama, kwa aibu, alipoulizwa sokoni alisema alichokisikia ukumbini: walimkamata na namba za watu. Nyumbani alimwambia mbele yetu, "Nilikuambia toka mwanzo ufanye ushonaji. Sindano haina profesa." Yaya alikuwa anazunguka na kikokotoo kidogo cha jua, anahesabu, anafuta, anahesabu. Hakuwa na karatasi zake za kwanza za kumwonyesha alichoandika. Mwishowe alikubali kwamba aliruka vipeuo mwenyewe. Alikubali kwamba kichwa chake kina tundu.

Akaenda Kapolowe, kwenye shule ya misioni, kufundisha watoto hesabu. Wanamlipa mahindi na maharagwe.

Mtasema sasa nilisema ukweli. Hapana. Nilikula maharagwe hayo.

Kilichonivunja kilikuja Pasaka. Yaya alikuja nyumbani na mfuko, akautua kitandani kwangu. Vitabu vyake vyote vya fizikia.

"Chukua. Weye uko na kichwa. Minye haina kazi nayo tena."

"Yaya, na wewe utasoma nini?"

"Minye nitasoma majina ya watoto asubuhi. Inatosha."

Alisema bila kulia, kama mtu anayegawa nguo zilizombana. Alipoondoka nilifungua kitabu kimoja, na ukingoni mwa ukurasa alikuwa ameandika kwa penseli, alipokuwa msichana mdogo wa mwaka wa kwanza: hapa ni kuzuri.

Siku iliyofuata nilimkuta Mama anachunga unga uani. Nikasema yote, mbiombio, macho nimeyaweka kwenye chekeche. Mama alisimamisha mikono.

"Rangi ya kucha gani? Ile nyekundu?"

"Ndiyo, Mama."

"Yenye minye nilimununulia."

"Ndiyo."

"Vaa viatu."

Tulipanda camion ya makaa mpaka Kapolowe. Yaya alikuwa anatoka darasani, chaki mpaka viwiko. Mama akanisukuma mbele, akabaki mlangoni. Nikasema. Nilitegemea kofi, nilikuwa nimelitayarishia shavu kabisa.

Yaya aliuliza tu, "Sura gani?"

"Ya pili."

"Vipeuo yote?"

"Yote."

"Na fomula ya mwisho? Ya kujumlisha?"

"Ile sikuigusa."

Akageuka akarudi darasani. Akafuta ubao uliokuwa na meza ya saba ya kuzidisha, akaandika wimbi la kwanza, akaweka kipeuo mbele yake, akajumlisha. Kilichoingia kwenye tone kikatoka, si zaidi, si pungufu. Akakaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamefika kidevuni.

"Minye nilikuwa najichunguza kichwa," akasema. "Kila siku. Nalala nasema, kama niliruka kile, nimeruka nini tena katika maisha yangu."

Sikuwa na mzaha wowote. Ndiyo mara ya kwanza nilitafuta nikakosa.

"Nenda inje," akasema. "Sitaki kukupiga mbele ya ubao yangu."

Alirudi Lubumbashi na nakala iliyorekebishwa. Yule profesa mwembamba alikuwa ameshaenda Ulaya, kama wote wenye pa kwenda. Aliyeahidi alimsikiliza, akaona hesabu ni sawa, akamwambia aweke kitabu ofisini, juri ikikaa watakipokea. Juri haijakaa. Wako kwenye mgomo. Nafasi ya asistenti amepewa kijana mmoja ambaye Yaya mwenyewe alikuwa anamfundisha. Yaya bado yuko Kapolowe.

Inaniudhi mpaka sipati usingizi! Naudhika na mimi mwenyewe kwanza, halafu na wakubwa wa vitabu. Kwa nini hawakai chini wakakubaliana juu ya meka moja? Huyu anakata wimbi mwanzo, yule anakata mwisho, mwingine anabadilisha alama ya kutoa ikawa ya kujumlisha, mwingine anaacha namba fulani nje kwa sababu inamchosha mkono, na kila mmoja anaandika kana kwamba dunia nzima inapima kwa kopo lake. Lakini nikimaliza kuwatukana nakumbuka: katika kitabu cha injinia, ukurasa wa mwanzo kabisa, mwandishi alisema wazi anavyopima. Na Yaya naye alisema. Ni mimi niliyepita juu ya maneno yao nikikimbilia kucheka.

Basi wewe mwenzangu, mwanafunzi mwenye akili nyepesi na mdomo mwepesi zaidi: ukiona kosa katika kazi ya mtu, muulize mwenyewe kabla hujaligusa. Soma mpaka mwisho. Na ukishaharibu, sema pale pale, benchi likiwa bado lina joto. Mimi nilingoja, na kila siku niliyongoja, dada yangu aliilipa kwa kujidharau. Hicho sina rangi ya kukifutia.

Nimebakiza maneno ya Mama. Siku ile tulirudi kutoka Kapolowe juu ya magunia ya makaa. Tulishuka Shituru tumekuwa weusi wote wawili. Akafungua kitenge, akakikung'uta, akakifunga upya. Kisha akaniambia:

"Kesho asubuhi, mbele ya kwenda masomo, utapita soko yote, meza kwa meza. Kila mama utamuambia Clarisse hakuiba namba ya muntu, ni weye uliharibu. Usicheke, usichekeshe. Minye nitakuwa nyuma yako, sababu kisha weye kusema, na minye niko na yangu ya kuwaambia."